Fomu ya Bahari, Jicho la Mlima

Kambini Old Moses, mita 3,300, upande wa Meru wa Mlima Kenya, kiongozi wetu alichora mstari vumbini kwa ncha ya fimbo. "Mzee, hebu tembea hapa, kisigino kiguse kidole." Nilitembea. Akauliza kama kichwa kinaniuma, kama nimekula, nimelalaje. Anayeyumba kwenye mstari ule huteremshwa mara moja, kwani huenda ubongo umeanza kuvimba.

Diani, pwani, nilipimwa kwa kalamu. Kabla ya kubeba mtungi wa hewa, nilijaza fomu: una pumu? Kifafa? Moyo? Pafu limewahi kusinyaa? "Ndiyo" kwa swali kama hilo hukupeleka kwa daktari, na asiporidhika huzamii.

Tofauti hii ina sababu. Bahari haikupi muda. Kina cha mita 10 tu, mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu. Hewa ikinaswa pafuni wakati wa kuibuka, hutanuka na kulipasua. Kwa hiyo mzamiaji huchunguzwa akiwa bado nchi kavu. Mlima huumiza polepole, saa kwa saa, usiku kwa usiku. Point Lenana, mita 4,985, mgandamizo wa hewa unazidi kidogo tu nusu ya ule wa pwani, na hata kijana mwenye mbio anaweza kulemewa. Ndiyo maana kiongozi hupima kila kambi.

Mwanasayansi John Scott Haldane aliziona pande zote mbili. Mwaka 1908 alitoa majedwali ya kuibuka salama baada ya kuwajaribu mbuzi. Mwaka 1911 alipanda Pikes Peak, Marekani, kuchunguza upumuaji wa mlimani.

Sisi wa Meru na Embu tunaziunganisha safarini. Wazamiaji hushauriwa wasubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Miji yetu iko juu ya mita 1,300, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, ikielekea ile ya ndani ya ndege. Aliyezamia asubuhi asipande basi la nyumbani jioni.

Fomu huuliza ya jana, jicho huona ya leo. Mstari wa vumbini hauonyeshi moyo mbovu. Fomu ya Jumatatu haijui mafua ya Jumatano yaliyoziba masikio. Natamani mlima uazime fomu, na bahari iazime jicho. Vyote viwili, hata hivyo, husimama juu ya jibu la kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.