Wapanda farasi wanne wa Dürer: Uhalisi wa picha na hali ya nakala

MIONGONI mwa picha mashuhuri zaidi zilizowahi kuchapwa kwa ubao barani Ulaya ni ile ya wapanda farasi wanne, kazi ya Mjerumani Albrecht Dürer (1471-1528) wa mji wa Nuremberg. Ni moja kati ya picha 15 za kitabu chake cha Ufunuo wa Yohana, alichokitoa mwaka wa 1498 kwa Kijerumani na kwa Kilatini.

Katika ufundi huu, mchoro huwekwa juu ya ubao uliolainishwa, kisha mchongaji akaondoa kwa kisu sehemu zote zisizohitajika. Mistari inayobaki imeinuka ndiyo hupakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Palipochongwa hubaki peupe.

Sura ya sita ya Ufunuo huwatofautisha farasi hao kwa rangi: mweupe, mwekundu, mweusi na wa kijivujivu. Dürer alikuwa na wino mweusi pekee. Kwa hivyo, alitegemea umbo la kila kiumbe na kifaa kilicho mkononi mwa kila mpandaji. Wa kwanza anavuta upinde, wa pili ameinua upanga na wa tatu amebeba mizani. Wa nne ni Mauti, mzee aliyedhoofika mwenye uma wa shambani, naye amempanda farasi aliyekonda.

Wasanii waliomtangulia aghalabu walimchora kila mpandaji peke yake. Dürer aliwakusanya wote wanne katika mbio moja, kutoka kushoto kuelekea kulia. Chini yao watu wanakanyagwa, na pembeni kinywa cha kuzimu kinammeza mtu mwenye taji. Mavazi ni ya enzi yake mwenyewe, na misuli ya farasi imepewa kivuli kwa mistari myembamba iliyofuata mviringo wa mwili. Njozi, ambayo ni jambo lisiloonekana kwa macho, ikawa kama tukio la barabarani.

Hata hivyo, uhalisi huo unaishi ndani ya mistari, na mistari huchakaa. Ubao ulitumiwa mara nyingi. Dürer mwenyewe alikitoa kitabu hicho tena kwa Kilatini mwaka wa 1511. Kila unapogandamizwa, kingo zake hupoteza ukali. Mistari minene hujaa wino, ile myembamba hukatika, na mpaka unaoizunguka picha huanza kuonyesha mapengo. Wakati mwingine ubao hupasuka au kutobolewa na wadudu, na kila dosari huacha doa jeupe kwenye karatasi.

Ndiyo sababu nakala mbili za ubao mmoja zaweza kuwa na thamani tofauti kabisa. Katika nakala ya mapema, kivuli na mwanga huachana waziwazi. Katika ile iliyochelewa, kivuli chaweza kugeuka doa, na mtazamaji akadhani Dürer alikuwa na mkono mzito.

Wataalamu hutenganisha mambo mawili: ubora wa chapa na hali ya karatasi. Chapa safi yaweza kuwa juu ya karatasi iliyokatwa kingo, iliyokunjwa au kuzibwa matundu. Kadhalika, karatasi isiyo na kasoro yaweza kubeba chapa dhaifu. Ili kukadiria umri, wao huiinua karatasi kwenye mwanga kutafuta alama ya kiwanda iliyomo ndani yake, kisha huigeuza kusoma maandishi ya nyuma. Maandishi ya Kijerumani huashiria toleo la 1498. Ya Kilatini hudai uchunguzi zaidi, kwani yaweza kuwa ya 1498 au ya 1511.

Nakala za picha hii zimehifadhiwa katika makavazi mbalimbali, yakiwemo British Museum jijini London na Metropolitan Museum jijini New York. Kabla ya kumhukumu msanii, sharti kwanza ijulikane ni nakala ipi iliyotazamwa.