Serikali Inaponunua

Kwa muda mrefu kanuni ya ununuzi wa umma ilikuwa moja: mwenye bei ndogo ndiye apewe zabuni. Iliwekwa kwa nia njema, kuziba mianya ya rushwa na upendeleo, lakini haikuuliza moshi unakwenda wapi wala taka zitazikwa na nani.

Mabadiliko yalianza miaka ya 1970. Mwaka 1976 Marekani ilipitisha sheria ya taka iliyozitaka idara za serikali kuu zinunue bidhaa zenye malighafi iliyorejelezwa. Mwaka 1978 Ujerumani Magharibi ikaanzisha Blauer Engel, nembo ya bidhaa zinazojali mazingira, na mnunuzi akapata pa kuanzia. Sheria ya Marekani ilitekelezwa kwa kusuasua hadi mwaka 1993, Rais Bill Clinton alipoagiza ofisi za serikali zinunue kompyuta zenye Energy Star, nembo ya vifaa vinavyotumia umeme kidogo, na karatasi yenye angalau asilimia 20 ya karatasi iliyokwishatumika. Mteja mkubwa namna hiyo akisema anataka nini, viwanda husikiliza.

Lakini je, ni halali kumnyima kazi mwenye bei nzuri kwa sababu ya moshi? Jibu lilipatikana kwenye njia ya basi namba 62 jijini Helsinki. Mwaka 1997 jiji lilitangaza zabuni na kuahidi alama za ziada kwa kila basi lenye hewa chafu ya oksidi za naitrojeni chini ya gramu 4 kwa kilowati-saa na kelele chini ya desibeli 77. Shirika la usafiri la jiji lenyewe likashinda. Kampuni ya Concordia ikaenda mahakamani, ikilalamika kwamba vigezo hivyo vilimfaa mshindani mmoja tu. Septemba 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mazingira yanaweza kuwa kigezo, mradi kihusiane na kinachonunuliwa, kitajwe wazi tangu mwanzo na kisimbague mzabuni yeyote. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko maazimio mengi ya mikutano ya kimataifa, maana ilimwondolea afisa ununuzi hofu ya kushtakiwa.

Japani ilikuwa imekwishatunga sheria yake ya ununuzi unaojali mazingira mwaka 2000. Ulaya iliingiza msimamo wa mahakama hiyo katika maagizo yake ya 2004 na 2014, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaweka ununuzi endelevu wa umma kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu.

Kwetu suala hili liko jikoni. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia ifikapo 2034. Shule za bweni, magereza na kambi hulisha mamia ya watu kila siku, na mara nyingi lori la kuni linaloingia getini limelipiwa kwa fedha za umma. Wajumbe wa bodi za zabuni na kamati za shule, zabuni ijayo ya nishati ikifika mezani kwenu, toeni alama kwa miti inayosalimika na kwa mapafu ya wapishi, si kwa bei peke yake.