Saratani ya ngozi inayojificha unyayoni

WENGI huamini kwamba saratani ya ngozi huwapata Wazungu na watu wenye ualbino pekee. Imani hiyo ina ukweli kiasi, kwa kuwa weusi wa ngozi huikinga dhidi ya miale ya jua. Hata hivyo, ipo aina ya melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli zinazoipa ngozi rangi, ambayo haitegemei sana jua. Huchipuka unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, na ndiyo inayoonekana zaidi miongoni mwa watu weusi wanaougua melanoma.

Mwanamuziki wa Jamaika, Bob Marley, aligunduliwa kuwa nayo mwaka wa 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alikataa kidole kisikatwe. Saratani ilisambaa, akafariki Mei 11, 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Hatari kubwa ya maradhi haya ni kudhaniwa kuwa kitu kingine: sugu, chunjua, ukungu wa kucha, au damu iliyovilia baada ya kujikwaa. Damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, ilhali mstari wa saratani huendelea kuanzia kwenye shina la ukucha.

Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi, na aghalabu haina madhara. Linalopaswa kutiliwa shaka ni mstari mmoja unaozidi kupanuka, weusi unaovuka ukucha hadi kwenye ngozi, doa la unyayoni linalokua au kubadilika rangi, na kidonda kisichopona kwa miezi miwili. Nyakati nyingine uvimbe huwa mwekundu, bila weusi wowote.

Daktari hukata kipande cha nyama na kukipeleka maabarani. Saratani ikithibitishwa, huondolewa pamoja na sehemu ya ngozi nzima inayoizunguka. Wakati mwingine hulazimu kidole kukatwa. Tezi za kinena au kwapa pia huchunguzwa. Ikiwa imesambaa, dawa zinazochochea kinga ya mwili huwasaidia baadhi ya wagonjwa.

Ikigunduliwa ingali nyembamba, upasuaji pekee huweza kuiponya. Hivyo basi, anayeosha miguu jioni na azitazame nyayo zake, pamoja na nafasi zilizo kati ya vidole.