Amri Moja, Mara Moja: Kisa cha Make

Mwaka 1976, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Steve Johnson aliingia ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman akiwa amefura kwa hasira. Asubuhi yake yote ilikuwa imepotea akisaka kosa ndani ya programu isiyo na kosa. Kosa alikwisha kulirekebisha. Alichosahau ni kulikompaili upya faili husika, yaani kuligeuza tena kuwa lugha ya mashine, na kompyuta ikaendelea kuendesha toleo la zamani. Feldman alimwelewa mara moja, kwa sababu jioni iliyotangulia naye alikuwa amepambana na balaa la aina hiyohiyo. Wikiendi ile akaandika programu aliyoiita Make.

Kabla ya hapo mwandishi wa programu alikuwa na njia mbili. Ama akumbuke mwenyewe ni faili lipi limebadilika, ama atumie skripti inayokompaili kila kitu upya hata kama amegusa mstari mmoja. Njia ya kwanza ilizaa makosa kama la Johnson. Ya pili ilikula muda, na muda wa kompyuta zama zile ulikuwa wa kugawana.

Make iliuliza swali jepesi mno: kinachotegemewa kimebadilishwa baada ya kile kinachokitegemea? Kama ndiyo, amri iendeshwe. Kama siyo, ipite. Tena katika mzunguko mmoja, hata mafaili kumi yakihitaji kitu kimoja, kitu hicho hutengenezwa mara moja tu. Hapo ndipo uzuri wa kazi ya Feldman ulipo. Mwandishi hasemi kifanyike nini kwanza na nini baadaye; anaeleza kwa kanuni faili lipi linategemea lipi, na mpangilio unajitengeneza wenyewe. Mwaka 2003 chama cha wanakompyuta cha ACM kilimtunuku kwa kazi hiyo.

Lakini kulikuwa na ufa. Johnson ndiye pia aliyeandika yacc, chombo kinachosoma sarufi ya lugha ya kompyuta na kutoa programu ya kuichambua lugha hiyo. Yacc ikiendeshwa mara moja huweza kutoa mafaili mawili, y.tab.c na y.tab.h. Make haikuwa na namna ya kulieleza jambo hilo waziwazi. Ukiandika majina mawili upande wa kushoto wa nukta mbili za kanuni, yenyewe husoma kanuni mbili zinazojitegemea, zenye amri ileile.

Kazi zikifanywa moja baada ya nyingine, ufa huo mara nyingi haukuonekana: yacc ilipomaliza, faili la pili lilikuwa tayari jipya, na Make ikaliruka. Mambo yaliharibika kompyuta zilipopata prosesa nyingi na watu wakaanza kutumia chaguo la -j, linaloendesha amri kadhaa kwa wakati mmoja. Yacc mbili zikaanza pamoja, zikiandika juu ya mafaili yaleyale. Leo programu inajengeka, kesho inakataa, na hakuna mstari uliobadilishwa. Mwongozo wa Automake, chombo kinachoandaa mafaili ya Make, unatenga sehemu nzima kwa tatizo hili, ukipita dawa moja baada ya nyingine na kuonyesha kila moja inaposhindwa. Wengi waliishia kuunda faili la ziada, lisilo na kazi nyingine ila kushuhudia kwamba amri imekwisha kuendeshwa.

Mwaka 1998 Peter Miller alishambulia desturi nyingine, ile ya kuigawa programu kubwa katika folda nyingi, kila moja ikiwa na Make yake. Alionyesha kwamba kila Make iliona kipande tu cha mategemeo, hivyo kazi nyingine zilirudiwa bure na nyingine zikaachwa. Hoja yake ilikuwa nzito, na bado ni nzito.

Wengine waliacha kuamini saa ya faili kubadilishwa, ambayo Make huitegemea. Ccache ya Andrew Tridgell, iliyotoka mwaka 2002, hutazama yaliyomo: kama msimbo uleule ulikwisha kukompailiwa kwa chaguo zilezile, hutoa jibu lililohifadhiwa. Bazel, chombo cha kujengea programu ambacho Google ilikifungua kwa umma mwaka 2015, inaruhusu hata mashine tofauti kugawana majibu hayo.

Na ule ufa wa yacc? GNU Make, yaani Make ya mradi wa GNU, iliuziba Januari 2020, katika toleo la 4.3. Alama &: ikiwekwa badala ya nukta mbili za kawaida, Make inaelewa kwamba majina yote ya kushoto ni mazao ya amri moja. Miaka 44 ni mingi kwa tatizo lililotokea chumba cha jirani.

Anayetaka kuitumia alama hiyo aanze kwa kuandika make --version. Zana za Apple za kuandikia programu bado huja na toleo la 3.81 la mwaka 2006, ambalo huichukulia & kama jina la faili jingine, halitoi onyo lolote, na huendelea kuirudia amri kama zamani.