Delko, ao mkono wa shofere uliofichwa

Mafundi wa motokari wanaosema Kifaransa hukiita «delko» kile kichwa chenye nyuzi kinachogawia buji moto wake. Jina hilo ni ufupisho wa jina la kiwanda cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1909 katika mji wa Dayton na Charles Kettering pamoja na rafiki yake Edward Deeds. Tukijua habari ya kitu hicho, tutajua pia magonjwa yake.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Motokari ya Ford T, iliyotengenezwa tangu 1908 mpaka 1927, ilikuwa na kijiti cha chuma chini ya usukani, upande wa kushoto. Kwa kijiti hicho shofere aliamuru cheche iwahi ao ikawie. Kwa nini? Kwa sababu esansi haiungui yote mara moja. Mama mwenye wageni hangoji waketi ndipo awashe jiko. Huwasha mbele, ili chakula kiive kwa saa yake. Vivyo hivyo cheche hutoka kabla pistoni haijafika juu, na moteri ikizidi mbio, lazima itoke mapema zaidi.

Lakini ole wake aliyesahau kurudisha kijiti kabla ya kuzungusha manivela! Cheche iliwahi mno, moteri ikarudi nyuma kwa nguvu, manivela ikampiga. Waganga waliona mikono mingi iliyovunjika hivyo, hata wakauita mvunjiko ule «mvunjiko wa shofere». Cadillac ya mwaka 1912 ikaja na mashini ya umeme ya Kettering ya kuwashia moteri, na hatari ile ikaanza kupungua.

Baadaye kijiti nacho kikaondolewa. Ndani ya delko vikawekwa vyuma viwili vizito vyenye springi: vikizungushwa mbio hutanuka na kuwahisha cheche. Kando pakatiwa kikopo chenye ngozi nyembamba, inayovutwa na moteri inapovuta hewa.

Basi, motokari ya zamani ikilegea mlimani, ikinywa esansi nyingi na kupata moto sana, usikimbilie kulaumu kabureta. Labda cheche inakawia. Ikigonga kama nyundo ndogo wakati wa kupanda, labda inawahi. Ukiiacha hivyo, pistoni inaweza kutoboka.

Zima moteri, fungua kifuniko cha delko. Sukuma kidogo kile kidole cha ndani kufuata mzunguko wake, kisha kiachilie. Kisiporudi, vyuma vimeshikwa na kutu ao springi imekatika. Halafu chomoa mpira wa kikopo upande wa kabureta, uunyonye: hewa ikipita bila kukoma, ngozi imepasuka. Mwisho, washa moteri na tumia taa ya kupimia cheche: ukiongeza mbio, nayo alama ya gurudumu la mbele ya moteri haisogei, delko haifanyi kazi yake.

Shofere wa kale alipokosea, mkono wake ulimwambia palepale. Delko ikikosea, hunyamaza na kuharibu moteri polepole. Kwa hiyo fundi mwenye busara huichungulia kabla ya kutoa fedha kununua kabureta mpya.