Mapatano ya Vyama Nyuma ya Kura

Wengi huuliza: vyama vikipatana nyuma ya kura ili kushika serikali, je, si kuiba kura za raia? Tukumbuke mambo ya inchi yetu katika mwaka 1960.

Mwezi wa 5 raia walichagua wabunge 137. Chama cha Lumumba kilivipita vingine vyote, lakini kilipata viti 33 tu, na serikali ilihitaji kura 69. Basi Lumumba alitafuta wenzake katika vyama vingine, na mwezi wa 6 wabunge 74 waliikubali serikali yake.

Je, raia walidanganywa? Sisi twasema hapana. Raia hawakumchagua waziri mkuu; walichagua wabunge, na wabunge walikata shauri kwa kura. Asiye na wingi peke yake, asipopatana na wenzake, atatawala namna gani? Kwa nguvu tu.

Na nguvu ilikuja. Tarehe 14 mwezi wa 9 Kanali Mobutu alilinyamazisha Baraza, bila kuomba kura hata moja.

Lakini mbunge naye asisahau: kiti chake ni deni. Akipatana kwa ajili ya tumbo lake, amewauza waliomtuma.