Ngano ya Timau na Adui Asiyechoka

Msomaji, ukitoka Nyeri kwenda Nanyuki, kisha ukashika njia ya Meru, utafika Timau. Upande wako wa kulia utauona Mlima Kenya, na miteremko yake imetandazwa ngano. Kwa macho tu utadhani pana amani tupu. Kumbe katika mabua yale mna vita vya zaidi ya miaka 100, navyo havijesha.

Adui wa ngano ni kuvu iitwayo kutu ya shina. Hutoboa ngozi ya bua, ikatokeza vipele vyekundu kama kutu ya chuma, na kulinyang'anya suke chakula chake. Punje husinyaa, na shamba lililotazamiwa magunia huwa halina ila makapi. Walowezi walipoanza kulima ngano huko Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kutu iliwatia hasara kubwa. Kwa hiyo wataalamu wakaanza kutafuta ngano yenye kinga ya kuzaliwa nayo, na mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kikaanzishwa Njoro.

Kinga mashuhuri kupita zote ilitoka katika mmea mwingine, jamaa ya ngano, uitwao rai. Wataalamu waliipa jina Sr31. Ilienea duniani, na kwa miaka mingi kutu haikuipenya. Watu wengi wakadhani vita vimekwisha. Lakini mwaka 1998, katika nyanda za juu za Uganda, ilionekana kutu inayoila ngano yenye kinga hiyo. Mwaka uliofuata ikapewa jina la Ug99. Upepo hauulizi hati ya kuvuka mpaka: mwaka 2001 ilionekana Kenya, mwaka 2003 Ethiopia, na mwaka 2007 Iran.

Je, kuvu ina akili? La. Kutu hutoa chembe nyingi mno za uzazi, na mara moja moja hutokea chembe iliyobadilika kidogo. Kinga huziua nyingine zote, lakini hiyo moja hupona. Ikiwa mashamba yote yamepandwa ngano ya aina moja, chembe hiyo hukuta karamu isiyo na mpinzani. Tena katika Kenya majira ya kupanda hayafanani mahali pote. Ngano ya huku ikivunwa, ya kule ingali mbichi, na kutu haikosi makao.

Ndivyo ilivyotukia hapa kwetu. Mbegu iitwayo KS Mwamba ilitegemea kinga nyingine, Sr24. Mwaka 2006 ilionekana kutu iliyoweza kuishinda, na mwaka 2007 mwamba ule ulivunjika; mashamba mengi yakaharibika. Baadaye wakulima wakaipenda mbegu ya Robin, nayo mwaka 2014 ikashindwa na kutu ya namna mpya.

Usidhani kwamba jambo hili ni la kuvu peke yake. Huko Marekani, mwaka 1973, zilitolewa nyasi za kupamba nyua ziitwazo Floratam, zilizosifiwa kwa kumshinda mdudu mdogo afyonzaye maji ya majani. Zikapandwa kila mahali katika Florida. Kufikia mwaka 1985 walikuwako wadudu wanaozila bila kudhurika. Nyasi na ngano, mdudu na kuvu: kanuni ni ile ile.

Basi tujifunze nini? Mwaka 2005 Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, aliwaonya walimwengu juu ya Ug99. Tangu hapo ngano za nchi nyingi zimeletwa Njoro na kupandwa makusudi penye kutu, ili zijulikane zinazostahimili. Wataalamu sasa hukusanya kinga kadhaa ndani ya mbegu moja, maana ni vigumu chembe moja kuzivunja zote kwa pamoja. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa; na kinga moja hailindi shamba siku zote.

Nawe, msomaji, ukila mkate kesho, kumbuka kwamba haukuletwa na mvua na jembe peke yake. Uliletwa pia na watu wanaoinama kila msimu, bua kwa bua, wakitafuta kipele cha kwanza chekundu. Siku watakapoacha kutazama, adui hataacha kuja.